Deki ya Blu-ray kwa Mwanafunzi wa Lugha: Bei, Umeme na Sauti

Mwanafunzi wa lugha hapa Bunia akitaka kusikia Kiingereza au Kifaransa cha wenyewe kwa saa mbili mfululizo, redio humsaidia kidogo, kwa sababu redio hairudii sentensi. Intaneti hurudia, lakini kwa bei yake: filamu yenye picha za ubora wa juu hula karibu gigabaiti 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni gigabaiti 6, na mwenye kununua mega zake kidogo kidogo anajua vema kwamba zitakwisha kabla muuaji hajajulikana. Diski haili mega. Ukishaipata, unaweza kurudia sentensi moja mara mia na mtandao ukiwa umekatika. Ndiyo maana swali la deki gani inunuliwe, ambalo kwingine linazeeka, kwetu bado lina uzito.

Wengi wanaouliza swali hilo huanza na picha. Nadhani sisi wa kitivo cha lugha tuanze na sauti, na jibu letu huenda likatofautiana na la jirani anayetafuta mashine ya kutazamia mpira na filamu za vita.

Tuanze na kilichomo ndani ya diski. DVD moja inaweza kubeba hadi mikondo 8 ya sauti na mikondo 32 ya maandishi ya chini. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, inaweza kubeba mikondo 32 ya sauti. Kwa kawaida studio huweka lugha chache tu kati ya hizo, lakini hata mbili zinatosha kwa kazi yetu. Unasikia mzaha kwa Kiingereza, unabonyeza kitufe, unausikia tena kwa Kifaransa, kisha unasoma maandishi ya chini ambayo mara nyingi hayafanani hata na hiyo sauti ya Kifaransa. Hapo una tafsiri mbili za sentensi moja, zilizofanywa na watu wawili waliobanwa na masharti tofauti: mmoja alibanwa na midomo ya mwigizaji, mwingine na nafasi ya mistari miwili chini ya picha. Kwa kozi ya tafsiri sijui zana ya bei nafuu kuliko hiyo.

Nchi ilikotengenezwa diski ina maana kubwa hapa. Diski nyingi za Uingereza zina maandishi ya Kiingereza yaliyowekwa kwa ajili ya viziwi. Hayo ndiyo mazuri zaidi kwa zoezi la kusikiliza, kwa kuwa hufuata maneno ya mwigizaji kwa karibu. Diski za Ufaransa zina sauti ya Kifaransa na sauti ya asili, lakini baadhi yake zimefungwa: ukichagua sauti ya asili, maandishi ya Kifaransa hujitokeza na hayaondoki kwa kitufe chochote. Anayefanya mazoezi ya Kiingereza atajikuta anasoma Kifaransa bila kutaka. Kabla ya kumwomba ndugu aliye Ulaya akutumie diski, mwambie aangalie mgongo wa kasha, palipoandikwa lugha za sauti na lugha za maandishi.

Kiswahili kwenye kasha hizo ni nadra sana. Pengo hilo ndilo lililozaa wafasiri wa video wa Afrika Mashariki: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, na wale ma-VJ wa Uganda kama VJ Jingo wanaofasiri kwa Kiganda. Sauti yao hurekodiwa juu ya sauti ya filamu, wakieleza, wakitania na kuongeza yao. Kazi hiyo inastahili mémoire yake, tena zaidi ya moja. Lakini kwa kununua deki inatosha kujua kwamba nakala hizo zina mkondo mmoja tu wa sauti na picha ya kawaida. Deki ya zamani ya DVD, au televisheni yenye tundu la USB, inazicheza bila shida. Asiyetazama kingine hana haja ya Blu-ray.

Sasa nifikie jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ambalo kwa mwanafunzi wa fonetiki ni kubwa kuliko picha. Filamu za sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. DVD za Ulaya hufuata mfumo wa PAL, ambao hucheza picha 25 kwa sekunde. Ili kupatanisha namba hizo mbili, watengenezaji wengi huharakisha filamu nzima kidogo. Filamu ya dakika 120 huisha kwa dakika 115. Macho hayatambui, ila sauti imeharakishwa pamoja na picha, na sauti inayoharakishwa hupanda. Mtu ambaye sauti yake ina mitetemo 120 kwa sekunde atasikika akiwa na 125. Irabu iliyodumu milisekunde 100 itapimwa 96. Formanti nazo hupanda kwa kiasi hichohicho, karibu asilimia 4. Baadhi ya watengenezaji husahihisha kimo cha sauti kabla ya kuuza, lakini mwendo wa maneno hubaki wa haraka.

Asilimia 4 si nyingi kwa mtazamaji. Kwa mtu aliyefungua sauti hiyo ndani ya Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, na kuandika vipimo vyake kwenye jedwali, ni kosa linaloingia katika kila safu. Tena sisi tuko Ituri, penye Kilendu na Kingiti, lugha ambazo kimo cha sauti hubadilisha maana ya neno. Mwanafunzi anayefundishwa kusikia tofauti ndogo za toni katika lugha ya kwao asipuuze tofauti hiyohiyo anapolinganisha mkazo wa Kiingereza uliotoka kwenye DVD.

Blu-ray hucheza filamu kwa picha 24, mwendo uleule wa sinema. Sauti inabaki ilivyorekodiwa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya maana ya mtu wa kitivo chetu kutaka Blu-ray. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, badala ya 720 kwa 576 za DVD ya PAL, ni nyongeza nzuri tu.

Hata hivyo asiye na fedha ya Blu-ray hajafungiwa mlango. Kosa la PAL linajulikana, na kinachojulikana hurekebishwa. Toa sauti ya DVD, ifungue katika Audacity, ambayo pia ni ya bure, kisha punguza mwendo kwa asilimia 4 kamili. Tumia amri ile inayobadilisha mwendo pamoja na kimo cha sauti; ile ya kubadilisha mwendo peke yake haifai. Ishirini na tano mara 0.96 ni ishirini na nne, kwa hiyo unarudi penyewe. Angalia tu usirekebishe kisichoharibika: tamthilia za televisheni zilizopigwa Ulaya kwa picha 25 tangu mwanzo, zikiwemo nyingi za BBC, ziko sawa kwenye DVD ya PAL. DVD za Marekani nazo hufuata mfumo mwingine ambao hauharakishi sauti.

Kwa aliyeamua kununua, kizuizi cha kwanza ni zoni. Kampuni za filamu ziliigawa dunia ili diski ya nchi moja isichezwe katika nyingine. Kwa DVD, Kongo imewekwa zoni 5 pamoja na India na Urusi, wakati Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza ziko zoni 2. Hapa kwetu wengi hawajawahi kuisikia habari hiyo, kwa sababu deki nyingi za bei nafuu kutoka China hucheza zoni zote bila kuuliza. Deki za Blu-ray si wapole hivyo. Ila mgawanyo wa Blu-ray, kwa bahati, unatupendelea: zoni ni tatu tu, A, B na C, na zoni B inakusanya Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika nzima. Diski ya Paris au ya Brussels ni halali yetu kabisa. Deki iliyonunuliwa Ubelgiji itacheza Blu-ray za zoni B na DVD za zoni 2. Iliyonunuliwa Dubai vilevile. Zile za Marekani, Japani na Korea ni A. China na India ni C. Mashine inayopita mpakani Goli na kuteremka kutoka Mahagi hadi Bunia inaweza kuwa imetoka popote kati ya hizo, kwa hiyo geuza uangalie herufi nyuma yake kabla ya kuzungumza bei. Yenye herufi A itakataa Blu-ray utakazoletewa kutoka Ulaya, isipokuwa zile zisizofungwa zoni.

Kizuizi cha pili ni waya, na hiki kimeliza wengi. Televisheni nyingi za zamani majumbani mwetu hupokea picha kwa ile nyaya ya njano, yenye wenzake nyekundu na nyeupe kwa sauti. Wenye mfumo wa ulinzi wa Blu-ray waliamua kwamba deki zilizotengenezwa baada ya 2010 zitoe picha ya kawaida tu kupitia nyaya za namna hiyo, na mwishowe matundu hayo yakaondolewa. Deki za miaka ya karibuni zina HDMI pekee. Ukiipeleka nyumbani penye televisheni isiyo na HDMI, umenunua kasha la plastiki. Viko vifaa vidogo vya kugeuza HDMI kuwa nyaya tatu, lakini baadhi hukataliwa na ulinzi wa diski, na vinavyokubaliwa hukurudisha kwenye picha ya DVD. Kanuni yangu ni fupi: televisheni kwanza, deki baadaye. Na kama televisheni ni ya inchi 24 na unaitazama ukiwa mita tatu mbali, usitegemee kuona tofauti kubwa hata HDMI ikiwepo.

Tukifika kwenye mashine zenyewe, njia za bei nafuu ni tatu: deki ya kawaida, mashine ya michezo, na kompyuta yenye kisomeo cha nje. Kifaransa huiita deki *lecteur*, neno lilelile la msomaji wa kitabu, na kusema kweli nalipenda kuliko deki, kwa sababu ndicho mashine inachofanya: leza ya urujuani inasoma vishimo vidogo kuliko vile vinavyosomwa na leza nyekundu ya DVD. Ndiyo maana tabaka moja la Blu-ray huchukua gigabaiti 25 na la DVD 4.7.

Mashine ya michezo huvutia kwa sababu iliyotumika huuzwa rahisi na hufanya kazi mbili. PlayStation 3 husoma Blu-ray. PlayStation 4 na Xbox One pia, ingawa hizi mbili huhitaji intaneti mara ya kwanza ili uwezo huo ufunguliwe. Xbox 360 haisomi, hata muuzaji aape. PlayStation 5 ya aina isiyo na tundu la diski haisomi diski yoyote. Lakini tatizo la mashine hizi ni umeme, na hapa Bunia umeme huamua mengi.

Tuhesabu. Deki ya kawaida ya Blu-ray hula kama wati 15. Televisheni ndogo ya kisasa ni wati 30. Kwa filamu ya saa mbili ni wati-saa 90, na ukiongeza kinachopotea kwenye inverta, zaidi kidogo ya 100. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo una 300 za kutumia. Deki na televisheni zitachukua theluthi yake. Zinazobaki zinatosha taa na simu hadi asubuhi. Sasa weka PlayStation 4 ya kwanza, inayokula karibu wati 100 ikicheza diski: filamu ileile itamaliza nusu yote ya betri. PlayStation 3 ya mwaka 2006, ambayo hupita wati 150, itaipita nusu hiyo kabla filamu haijaisha. Aliyenunua mashine hiyo kwa sababu ilikuwa rahisi atalipa tofauti kwa mafuta ya jenereta au kwa betri nyingine. Kwa mwenye umeme wa Budana nyumbani hesabu ni nyingine, mradi umeme uwepo saa anayosoma.

Baadhi ya deki ndogo huja na adapta ya volti 12 pembeni. Hizo ni za kutafutwa, kwa sababu fundi anayeaminika anaweza kuziunganisha na mfumo wa sola kupitia kidhibiti cha volti bila kupita kwenye inverta. Zilizotoka Marekani ziangaliwe kwa makini: zikiandikwa volti 120 peke yake, umeme wetu wa 220 utaziunguza siku ya kwanza. Tafuta maandishi 100–240.

Kompyuta yenye kisomeo cha USB inaonekana njia nyepesi, hasa kwa mwenye laptopu tayari. Kwa DVD ni kweli. Kisomeo cha DVD ni rahisi, programu ya VLC ni ya bure, na laptopu ina betri yake. Zingatia tu kwamba visomeo hivyo huruhusu kubadili zoni ya DVD mara tano, kisha hujifunga kwenye ya mwisho. Kwa Blu-ray mambo ni magumu. VLC peke yake haifungui diski za studio, kwa sababu zina kufuli ambalo funguo zake haziji na programu hiyo, na programu zenye ruhusa ya kulifungua huuzwa kwa fedha. Ukijumlisha kisomeo cha Blu-ray na programu yake, mara nyingi umefika bei ya deki kamili, ambayo Ulaya na Marekani imekuwa ikiuzwa mpya kwa dola 80 hadi 120 hivi. Ya mtumba hushuka chini ya hapo.

Neno moja kuhusu diski za barabarani zenye maandishi HD au hata Blu-ray juu ya karatasi. DVD ya gigabaiti 4.7 yenye filamu 20 imeipa kila filamu megabaiti 235. Hakuna ubora wa juu unaoingia humo, na sauti imebanwa hadi konsonanti kama *s* na *f* zinakaribia kufanana, jambo la kuudhi kwa mtu anayefanya unukuzi. Diski hizo zinavunja pia sheria ya Kongo ya haki za watunzi ya 5 Aprili 1986. Sisemi hayo kwa kuwahukumu wanaouza pale Boulevard de Libération. Nasema usinunue deki ya Blu-ray kwa ajili ya diski hizo, kwa maana hazitaongeza chochote.

Na zipo filamu zinazostahili gharama ya diski halali, hata kwenye DVD. Nitaje moja: *Makala*, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Juma la Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Inamfuata mchoma makaa anayesukuma baiskeli yake hadi Kolwezi, na watu wanaongea Kiswahili cha Katanga tangu mwanzo. Kichwa chenyewe ni somo, kwani msomaji wa Dar es Salaam akiona neno *makala* atafikiri ni maandishi kama haya unayosoma.

Ukienda kununua mashine ya mtumba, nenda na diski mbili, DVD moja na Blu-ray moja ya kuazima. Deki yenye leza iliyochoka mara nyingi husoma DVD vizuri na kushindwa Blu-ray, kwa kuwa ni leza mbili tofauti. Acha icheze dakika ishirini, ruka hadi sehemu ya mwisho ya filamu, badilisha sauti na maandishi. Uliza kama inaweza kusasishwa kwa USB, kwa sababu diski mpya wakati mwingine hukataa deki ambayo programu yake imepitwa na wakati. Faili la kusasishia hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji na linaweza kupakuliwa mahali penye intaneti nzuri. Vumbi letu la kiangazi ni adui mwingine. Data za Blu-ray ziko sehemu ya kumi tu ya milimita chini ya uso wa diski, na ingawa uso huo umepakwa tabaka gumu, mkwaruzo mkubwa haurekebishiki. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha.

Wanafunzi watano wakichanga, deki moja ya mtumba inaweza kupatikana bila mtu kuuza simu yake. Ningependa zaidi kuiona chumba cha fonetiki, chini ya ulinzi wa asistanti, na kando yake daftari la diski. Kila diski iandikwe zoni yake, lugha za sauti, lugha za maandishi, kama maandishi yanaondoka au yamefungwa, na muda kamili wa filamu kwa dakika. Huo muda ulinganishwe na muda uliotangazwa wakati filamu ilipoonyeshwa sinema: ikiwa DVD ni fupi kwa dakika 4 katika kila 100, anayeiazima kupima irabu atajua kwamba lazima apitie Audacity kwanza.